Bakteria Wanaojenga Mawe: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Katika toleo lililopita tulitaja, kwa sentensi moja tu, kwamba wapo bakteria wanaoweza kugeuza mchanga kuwa jiwe. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyoibeba. Tumechagua maswali sita na kuyafupisha pale ambapo wasomaji wawili au watatu waliuliza jambo moja kwa maneno tofauti.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa biolojia. Naelewa jinsi konokono anavyojenga gamba lake, maana ana viungo vya kazi hiyo. Bakteria ni seli moja tu. Je, jiwe hilo analitengenezea wapi, na analihitaji kwa nini?

JIBU: Mara nyingi halihitaji hata kidogo, na hilo ndilo jambo la kwanza la kushika katika mada hii yote. Bakteria hula, hupumua na kutupa taka zake nje, na katika kufanya hivyo huyabadilisha maji yanayomzunguka mpaka madini yaliyokuwa yameyeyuka humo yanashindwa kuendelea kuyeyuka. Hapo ndipo fuwele zinapoanza kujitokeza. Akila kitu kinachoongeza ualikali wa maji (kinyume cha uasidi), kabonati itaganda. Akipumua kwa kutumia salfeti badala ya oksijeni, atatoa salfidi, nayo itashikana na metali yoyote iliyo karibu. Aina ya jiwe hutegemea zaidi mlo wa bakteria na chumvi zilizomo majini kuliko jina la bakteria mwenyewe. Ndiyo maana Boquet na wenzake wawili, walipochapisha mwaka 1973 matokeo ya uchunguzi wao juu ya bakteria wa udongoni, walieleza kwamba kuunda kalsiti, yaani fuwele za kalsiamu kabonati zilizomo katika mawe ya chokaa, ni tabia ya bakteria kwa jumla wala si kipaji cha wachache: wape chakula kinachofaa na kalsiamu ya kutosha, na wengi wao wataitoa.

Mahali penyewe ni juu ya ngozi ya seli. Ukuta wa nje wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo huvuta ayoni za kalsiamu, magnesi, chuma na metali nyingine ambazo zina chaji chanya. Zikishakusanyika hapo, fuwele hupata pa kuanzia, na fuwele ikishaanza haihitaji tena msaada. Ukitazama kwa hadubini ya elektroni kalsiti iliyoganda kwa njia hii, utaona juu ya uso wake vishimo vidogo vyenye umbo la fimbo fupi, vyenye urefu wa mikromita moja au mbili. Kila kishimo ni alama ya seli iliyozungukwa na jiwe lililotokana na shughuli zake yenyewe. Nyingi kati ya seli hizo hufia humo humo, kwa kuwa chakula hakiwafikii tena.

Wapo wachache wanaokwenda kinyume na utaratibu huu, ambao huunda madini ndani ya seli kwa mpango wa jeni zao, na hao tutawajadili katika swali la tatu. Kwa sasa inafaa kuongeza kwamba ujenzi huu usiokusudiwa umeacha kumbukumbu kubwa katika dunia. Sianobakteria, wanaojitengenezea chakula kwa nuru ya jua, huondoa kaboni dioksidi majini, maji yakazidi kuwa ya alikali, kabonati ikaganda juu ya utando wanamoishi. Punje za mchanga nazo hunaswa na ute wao, wakapanda juu ya tabaka hilo na kuanza upya. Marundo ya tabaka hizo huitwa stromatoliti. Yako yanayoendelea kukua hadi leo huko Shark Bay, Australia Magharibi, kwa kasi isiyofika milimita moja kwa mwaka, na katika jimbo hilo hilo yako yaliyogeuka mwamba yenye umri wa takriban miaka bilioni 3.5.

SWALI: Mimi ni mhandisi wa ujenzi. Nimesikia habari za zege linalojiziba nyufa na za mchanga unaoshikamanishwa na bakteria badala ya saruji. Naomba maelezo ya jinsi kazi inavyofanyika, na kama kweli inafaa au ni maonyesho ya maabara tu.

JIBU: Ndugu mhandisi, umeunganisha mbinu mbili ambazo kikemia ni tofauti, na kila moja ina mipaka yake. Tuanze na mchanga.

Anayetumika zaidi ni Sporosarcina pasteurii, bakteria wa udongoni asiyesababisha ugonjwa. Sifa yake ni kutoa kwa wingi kimeng'enya kiitwacho ureasi, ambacho huvunja urea kwa kasi kubwa mno ikilinganishwa na kuvunjika kwake bila msaada wowote, jambo ambalo huchukua miaka. Kila molekuli moja ya urea hutoa ayoni mbili za amoniamu na ayoni moja ya kabonati, na maji hupanda hadi pH (kipimo cha uasidi na ualikali) ya 9 hivi. Kukiwa na kloridi ya kalsiamu ndani ya maji hayo, kabonati na kalsiamu hukutana na kuwa kalsiti.

Jaribio la msingi hufanyika ndani ya bomba la sindano lililojazwa mchanga. Kwanza hupitishwa mchuzi wenye bakteria, wakaachwa kwa saa chache ili wajishike kwenye punje. Kisha hupitishwa, polepole, mchanganyiko wa urea na kalsiamu, na hatua hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa muda wa siku chache. Bomba likipasuliwa hutoka mchi wa jiwe la mchanga. Uzuri wa jambo hili uko katika mahali kalsiti inapokaa: nyingi hujikusanya pale punje mbili zinapogusana, kwa sababu maji na bakteria hubaki zaidi katika vipembe hivyo, kwa hiyo punje hufungwa pamoja huku nafasi kati yao zikibaki wazi na maji yakiendelea kupita. Saruji ikisukumwa ardhini huziba nafasi zote. Kwa anayetaka kuimarisha mchanga chini ya jengo lililokwisha kusimama, au kuzuia mchanga uliolowa usigeuke uji wakati wa tetemeko la ardhi, tofauti hiyo ina uzito. Uholanzi, mbinu hii ilijaribiwa katika mchanga wa mita za ujazo 100, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Sehemu ya mchanga huo ilishikamana vizuri, lakini si yote, wala si kwa usawa.

Kutokuwa na usawa ndilo tatizo la kwanza. Bakteria na chakula chao wakikutana mapema mno, kalsiti huganda kwenye mdomo wa bomba na kuziba njia kabla mchanganyiko haujafika mbali. Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nami naona halitajwi vya kutosha na wanaoisifu mbinu hii. Ukipiga hesabu ya kemia yenyewe, kila kilo 100 za kalsiamu kabonati huhitaji kilo 60 za urea na kilo 111 za kloridi ya kalsiamu, na huacha nyuma kilo 107 za kloridi ya amoniamu. Taka ni nyingi kuliko jiwe. Amoniamu hiyo ikiachwa iingie katika maji ya ardhini au mto, italisha magugu ya majini na kudhuru samaki. Ni lazima isukumwe nje kwa maji na kutibiwa, na gharama ya kazi hiyo inaweza kuuzidi ujenzi wenyewe. Urea nayo hutengenezwa kiwandani kwa nishati nyingi. Hivyo hoja kwamba kalsiti ya bakteria haina madhara kwa hewa kwa kuwa huganda katika joto la kawaida, ilhali saruji huhitaji tanuri la nyuzi 1,450 za Selsiasi, ni ya kweli kwa nusu yake tu.

Zege linalojiziba ni habari nyingine. Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, alichagua bakteria wanaopenda ualikali, wa jamii ya wale wanaopatikana katika maziwa ya magadi, kwa sababu zege bichi lina pH inayokaribia 13 na bakteria wa kawaida hawezi kuistahimili. Bakteria hao huwekwa wakiwa katika hali ya spora, yaani wamejifunga katika ganda gumu na kusimamisha maisha yao, pamoja na lakteti ya kalsiamu kama chakula, vyote vikiwa ndani ya vidonge vya udongo mwepesi uliochomwa. Zege likiwa zima hakuna kinachotokea. Likipasuka, vidonge vilivyo kwenye njia ya ufa hupasuka navyo, maji yakaingia, spora zikaamka, bakteria wakala lakteti na kutoa kalsiti. Kaboni dioksidi wanayoipumua nayo haipotei, bali hukutana na chokaa iliyomo ndani ya zege na kuzidisha kabonati. Hakuna amonia. Zaidi ya hayo, wanapopumua humaliza oksijeni iliyoingia na maji, na hivyo kuzicheleweshea nondo kutu.

Zege la kawaida huweza kujiziba lenyewe ufa wa takriban milimita 0.2, hili la bakteria limeonyesha uwezo wa kuziba hadi milimita 0.8. Tafadhali usilichukulie kuwa dawa ya nguvu iliyopotea: kazi yake ni kuzuia maji, basi. Jengo lililopasuka kwa kuzidiwa na mzigo litabaki limezidiwa. Mahali pake ni kwenye matangi, mahandaki, kuta za chini ya ardhi na popote ambapo kurudi na kukarabati ni shida.

Kwa nyongeza, matumizi ya zamani zaidi katika fani yako hayahusu majengo mapya. Mwaka 1993, kanisa la Saint-Médard katika mji wa Thouars, Ufaransa, lilipakwa bakteria na chakula chao juu ya mawe yake ya chokaa yaliyokuwa yanamomonyoka, ili kuyavika ngozi nyembamba ya kalsiti inayofanana na jiwe lenyewe na isiyolizuia kutoa unyevu.

SWALI: Nafundisha fizikia. Wanafunzi wangu hawaamini kwamba kuna bakteria wenye sumaku mwilini. Je, ni kweli, na sumaku hiyo ni ya nini?

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, na ushahidi wake unaonekana kwa macho kupitia hadubini ya kawaida. Chukua tone la maji kutoka kwenye matope ya ziwa au ya pwani ambayo yametulia kwa siku nyingi, liweke chini ya hadubini, kisha usogeze sumaku karibu na meza. Ikiwa wamo, utaona vidoa vidogo vikijitenga na vumbi jingine na kuogelea kwa pamoja kuelekea ukingo mmoja wa tone. Geuza sumaku, nao watageuka papo hapo. Richard Blakemore aliwaona wakifanya hivyo katika matope ya Woods Hole, jimbo la Massachusetts, Marekani, na kuchapisha habari zao mwaka 1975. Kabla yake, mwaka 1963, Salvatore Bellini wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, alikwisha kuandika habari za bakteria wanaofuata kaskazini, lakini maandishi yake hayakusambaa.

Hawa ndio wale wachache niliowaahidi. Ndani ya seli, bakteria hukunja utando wake na kuufanya vifuko, akaingiza chuma ndani ya kila kifuko, na humo hukuza fuwele moja ya magnetiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni na chenye usumaku, au kwa baadhi yao gregiti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa. Fuwele hizo huwa na upana wa nanomita 35 hadi 120. Hapa somo lako la fizikia linaingia moja kwa moja: magnetiti iliyo ndogo zaidi ya hapo haiwezi kushika mwelekeo wa usumaku katika joto la kawaida, na iliyo kubwa zaidi hugawanyika ndani yake katika maeneo yanayopingana. Bakteria hukaa katikati ya mipaka hiyo miwili, mahali ambapo kila fuwele ni sumaku moja kamili. Kisha huzipanga katika mstari, kwa kuzifunga kwenye uzi wa protini, ili nguvu zake zijumlishwe. Bila uzi huo zingevutana na kujikunja kuwa donge lisilofaa.

Sumaku haimvuti popote. Humlaza tu sambamba na uga wa sumaku wa dunia, na hata bakteria aliyekufa hulala vivyo hivyo. Anayeogelea ni yeye mwenyewe, kwa mkia wake. Faida yake ni kwamba mbali na ikweta uga huo umeinama kuelekea chini, na bakteria hawa hupenda tabaka jembamba la matope ambamo oksijeni ni kidogo. Kufuata mstari mmoja, badala ya kutangatanga pande zote, humfikisha haraka anakotaka. Ndiyo maana wa kizio cha kaskazini huogelea zaidi kuelekea kaskazini na wa kizio cha kusini kuelekea kusini, wote wakishuka. Karibu na ikweta uga ni wa mlalo, na hupatikana wa aina zote mbili wamechanganyika.

Kuhusu matumizi, kiwandani ni vigumu kupata fuwele ndogo zenye ukubwa sawa na zilizokwisha kuvikwa utando, kwa hiyo watafiti wanazijaribu katika picha za kitabibu za sumaku na katika kuchoma uvimbe wa saratani kwa joto linalotokea uga wa sumaku unapogeuzwageuzwa. Mwaka 2016 kikundi cha Montreal, Kanada, kilionyesha katika panya kwamba bakteria hai wa aina hii wanaweza kuongozwa kwa sumaku wakiwa wamebeba dawa hadi ndani ya uvimbe, kwenye sehemu zisizo na oksijeni ambazo damu haifiki vizuri. Hayo bado ni majaribio. Hospitali haitoi tiba hiyo.

SWALI: Ninauguza mgonjwa mwenye mrija wa mkojo, na mrija huo huziba mara kwa mara kwa kitu kama chokaa. Je, hao ni bakteria hao hao?

JIBU: Si hao hao, ila kemia ni ile ile. Mhusika mkuu huwa Proteus mirabilis, ambaye naye ana ureasi, na mkojo umejaa urea. Anapoivunja, mkojo huwa wa alikali, na badala ya kalsiti huganda struviti, yaani fosfeti ya magnesi na amoniamu, pamoja na fosfeti ya kalsiamu, kwa kuwa chumvi hizo ndizo zilizomo kwenye mkojo. Ganda hilo hufunika ncha ya mrija na kuuziba. Ndani ya figo linaweza kukua hadi likajaza vyumba vyote na kupata matawi kama pembe za paa.

Mweleze daktari au muuguzi kila mara mrija unapoziba, kwa maana mrija ulioziba unaweza kurudisha mkojo wenye maambukizi kwenye figo. Jambo jingine ambalo familia nyingi hushangaa kulisikia ni kwamba antibiotiki peke yake mara nyingi haitoshi pale jiwe lilipokwisha kuumbika, kwa sababu bakteria wamo ndani ya jiwe na dawa haiwafikii. Jiwe lenyewe sharti liondolewe lote. Ukoga unaokomaa juu ya meno huwa mgumu kwa njia inayokaribiana na hiyo, ila huko kalsiamu na fosfeti hutoka kwenye mate.

SWALI: Je, bakteria wanaweza kusafisha maji yaliyochafuliwa na metali za migodini?

JIBU: Wanaweza, na katika jambo hili ndiko nionako manufaa yaliyokwisha kuthibitika zaidi. Kanuni ni kuigeuza metali iliyoyeyuka kuwa madini yasiyoyeyuka. Wanaopumua salfeti hutoa salfidi, na zinki, shaba au kadimiamu hushikana nayo na kutuama. Asili hufanya hivyo bila kuombwa: katika mgodi wa Piquette, Wisconsin, Marekani, ambao uliachwa ukajaa maji, watafiti walieleza mwaka 2000 kwamba utando wa bakteria ulikuwa umekusanya salfidi ya zinki karibu safi kutoka kwenye maji yenye zinki kidogo sana. Kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, kimetumia bakteria wa namna hiyo tangu miaka ya 1990 kusafisha maji ya ardhini, na salfidi ya zinki inayopatikana hurudishwa kiwandani kuyeyushwa.

Urani ni ngumu zaidi. Mwaka 1991 Derek Lovley na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa jamii ya Geobacter huipa urani elektroni na kuigeuza kutoka hali inayoyeyuka hadi isiyoyeyuka. Huko Rifle, Colorado, palipokuwa na kiwanda cha madini hayo, watafiti walisukuma asetati ardhini kama chakula cha bakteria, na urani katika maji ikapungua. Hata hivyo, metali haikuondoka. Imelala pale pale, na oksijeni ikirudi inaweza kuyeyuka upya. Anayeuziwa mbinu hii na aulize ni nani atakayeendelea kupima maji hayo baada ya mradi kufungwa.

SWALI: Nimesikia kwamba kuna bakteria wanaotengeneza dhahabu. Ni kweli?

JIBU: Hapana. Dhahabu ni elementi, na hakuna mlo wa bakteria unaoweza kuiumba. Kilicho kweli ni kwamba dhahabu iliyoyeyuka ni sumu kwa seli, na baadhi ya bakteria hujikinga kwa kuigandisha. Cupriavidus metallidurans, aliyepatikana juu ya punje za dhahabu za Australia, huigeuza kuwa vichembe ndani ya seli yake; Delftia acidovorans, kama ilivyoripotiwa mwaka 2013, hutoa nje kemikali inayoigandisha kabla haijamgusa. Kwa njia hiyo dhahabu iliyotawanyika hukusanywa tena katika punje, na huenda mgunduzi wa migodi akafaidika kwa kuwatafuta bakteria hawa udongoni kama dalili. Atakayewafuga nyumbani bila kuwapa dhahabu hatapata kitu.